Hatari Zinazorithishwa Pamoja na Ufundi: Usalama na Afya katika Gereji

Gereji ni miongoni mwa sehemu chache za kazi ambamo uzito mkubwa ulioinuliwa juu ya kichwa cha mtu, mafuta yanayoshika moto kwa cheche moja, tindikali, umeme, moto wa kuchomelea na vumbi lenye sumu hukutana katika eneo ambalo pengine halizidi ukubwa wa uwanja wa nyumba. Nchini Tanzania na Kenya, ambako magari mengi huingia yakiwa yamekwisha tumika Japani kwa miaka kadhaa, sehemu kubwa ya matengenezo haifanyiki katika karakana za mawakala wa viwanda, bali katika gereji ndogo za mitaani, zile ambazo Tanzania zikiendeshwa bila usajili huitwa gereji bubu, na ambazo Kenya huhesabiwa katika sekta ya jua kali. Gereji hizo ndizo zinazoendesha usafiri wa nchi, na mafundi wake wana ujuzi wa kweli. Lakini ndizo pia ambazo usalama wa fundi hutegemea bahati kuliko utaratibu.

Ufundi wa magari katika gereji hizo hufundishwa kwa kuangalia na kuiga. Kijana huanza kama spana boi, yaani mwanagenzi anayemshikia fundi taa, kumletea spana na kuosha vipuri, na baada ya miaka michache huwa fundi kamili bila kuketi darasani hata siku moja. Njia hiyo imezaa mafundi hodari wasiohesabika na si ya kudharauliwa. Tatizo lake ni kwamba kijana hurithi ufundi pamoja na mazoea yote ya mwalimu wake, hivyo kunyonya petroli kwa mdomo, kunawa kwa petroli na kuingia chini ya gari lililoshikwa na jeki pekee huonekana machoni pake kuwa sehemu ya ujuzi, na anayesita huambiwa ni mwoga. Kwa sababu hiyo, ukosefu wa vifaa, ambao ndio hutajwa kila mara mafundi wanapoulizwa kuhusu usalama, ni nusu tu ya maelezo. Nusu nyingine ni namna kazi yenyewe inavyofundishwa, na mengi ya kurekebishwa humo hayahitaji fedha.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni jeki. Jeki ya mafuta huinua gari kwa pistoni ndogo inayosukuma mafuta kuelekea chini ya pistoni kubwa, na kinachoyazuia mafuta hayo yasirudi ni vali ndogo pamoja na pete ya mpira, ambayo mafundi huiita sili. Sili ikichakaa, au punje ya mchanga ikikaa kwenye vali, mafuta huanza kurudi, na jeki hushuka ama polepole pasipo mtu kugundua, ama kwa ghafla. Chombo hicho kimetengenezwa kwa ajili ya kuinua, wala si kwa ajili ya kushikilia, na tofauti hiyo ndiyo inayotenganisha uhai na kifo kwa mtu aliyelala chini ya gari la zaidi ya tani moja. Utaratibu sahihi ni kuliweka gari mahali tambarare na pagumu, kuzuia kwa magogo magurudumu yanayobaki chini, kuliinua kwa jeki, kisha kuweka stendi za chuma chini ya sehemu ngumu za fremu na kulishusha mpaka uzito wote ukae juu ya stendi hizo. Baada ya hapo fundi hulisukuma gari kwa mkono ili kuona kama linayumba, na hufanya hivyo akiwa bado amesimama nje, si baada ya kuingia chini.

Magogo ya kuzuia magurudumu hudharauliwa kwa kuwa fundi huamini kwamba breki ya mkono inatosha. Katika magari mengi madogo breki hiyo hushika magurudumu ya nyuma tu, kwa hiyo nyuma ya gari inapoinuliwa, breki ya mkono haizuii tena chochote, na gari linaweza kusogea mbele na kuiangusha jeki. Tofali la saruji lililotiwa chini ya gari badala ya stendi ni hatari ya aina yake, kwa sababu saruji haipindi kabla ya kuvunjika: hubeba mzigo kwa saa nzima kisha hupasuka ghafla bila kutoa dalili. Gereji isiyo na uwezo wa kununua stendi ni heri itumie vipande vinene vya mbao ngumu vilivyopangwa kwa kupishana, na juu ya ardhi ya mchanga au udongo uliolowa itandike bamba la chuma au ubao mpana chini ya jeki ili isizame.

Petroli nayo huogopwa kidogo mno kwa sababu imezoeleka mno. Kinachowaka katika petroli ni mvuke wake, na mvuke huo hutoka hata katika baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, ilhali dizeli haitoi mvuke wa kutosha kuwaka mpaka ipate joto la zaidi ya nyuzi 50. Katika joto la Dar es Salaam au Mombasa, beseni la petroli lililowekwa wazi kwa ajili ya kuoshea vipuri hutoa mvuke mfululizo, na kwa kuwa mvuke huo ni mzito kuliko hewa mara tatu hadi nne, haupai bali hutambaa chini, huingia kwenye shimo la kufanyia kazi na kutulia humo. Cheche ya grainda iliyo mita kadhaa kutoka hapo, sigara, jiko la mama lishe aliye pembeni ya uwanja, au balbu ya taa ya mkononi inayoanguka na kupasuka, yote hayo yanatosha kuuwasha, na moto hurudi haraka hadi kwenye beseni. Vipuri vinaweza kuoshwa kwa sabuni za kuondolea grisi zinazochanganywa na maji, au angalau kwa dizeli, ambayo pamoja na uchafu wake haiwaki kwa urahisi kama petroli. Tochi ya betri isiyo na balbu ya kioo nayo siku hizi hupatikana kwa bei ndogo.

Kunyonya petroli kwa mpira ni jambo linalostahili kuelezwa kwa kirefu, maana hufanywa kila siku na madhara yake hayafahamiki vyema. Fundi huingiza mpira kwenye tangi, huvuta pumzi kwa mdomo, na mafuta yanapofika huyatema na kuyaelekeza kwenye dumu. Mara nyingi huishia na ladha mbaya mdomoni na kichwa kinachouma. Lakini petroli ni nyepesi na huteleza, kiasi kwamba mtu akipaliwa na matone machache yanaweza kusambaa ndani ya mapafu na kuunguza utando wake laini, na katika saa chache akaanza kukohoa, kuhema kwa shida na kupata homa, hali ambayo madaktari huitambua kuwa nimonia itokanayo na kemikali. Inaweza kuua, hasa mtoto. Aliyemeza petroli au kupaliwa nayo hatakiwi kutapishwa, kwa sababu kutapika huyapitisha mafuta karibu na njia ya hewa kwa mara ya pili, na maziwa ambayo watu wengi huyakimbilia hayawezi kuondoa kilichokwisha ingia mapafuni. Hupelekwa hospitali, hata kama anasema amepata nafuu. Pampu ndogo ya mkono ya kuhamishia mafuta huuzwa katika maduka ya vipuri, na hakuna sababu yoyote ya haki ya gereji kukosa kifaa hicho na badala yake kutumia mapafu ya kijana wa miaka kumi na sita.

Moto wa petroli ukitokea, maji hayafai, kwa kuwa petroli huelea juu yake na kusambaa ikiwa inawaka. Kinachohitajika ni kizima moto cha unga mkavu au cha povu, na pale kisipokuwepo, mchanga mkavu unaowekwa tayari kwenye ndoo. Kizima moto hutundikwa karibu na mlango, mahali ambapo mtu anaweza kukifikia bila kuupita moto wenyewe, wala hakifungiwi stoo pamoja na vipuri vya bei ghali.

Hatari nyingine huingia kwa pumzi, na si zote huua siku hiyo hiyo. Moshi wa injini una kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayojishikiza kwenye damu kwa nguvu ya zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, hivi kwamba mtu anayeivuta hukosa hewa huku akiendelea kupumua. Injini ikinguruma ndani ya chumba kilichofungwa, fundi huanza kwa kuumwa kichwa na kizunguzungu, hali anazodhani ni za njaa au uchovu, kisha hupoteza fahamu. Gereji za uwanjani zimesalimika na balaa hili kwa sababu tu hazina kuta. Moshi wa dizeli kwa upande wake uliwekwa mwaka 2012 na shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani katika kundi la vitu vilivyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu, na fundi wa malori na mabasi anayeuvuta kwa miaka ishirini yuko katika hatari kubwa kuliko dereva anayepita tu.

Ngozi nayo ni mlango wa sumu. Oili chafu, yaani ile iliyokwisha tumika ndani ya injini, hukusanya kemikali zinazotokana na kuungua kwa mafuta, na baadhi ya hizo huleta saratani ya ngozi zikigusana na mwili kwa miaka mingi. Kitambaa chenye oili kinachowekwa kwenye mfuko wa ovaroli hugusa paja kutwa nzima, na ovaroli isiyofuliwa kwa wiki tatu ni sawa na kuivaa oili yenyewe. Kunawa kwa petroli, jambo linaloonekana kuwa usafi, huzidisha madhara, kwa sababu petroli huyeyusha mafuta ya asili yanayoilinda ngozi, huiacha ikiwa imepasuka, na ina benzini, kemikali inayoharibu uboho unaotengeneza damu. Sabuni ya unga iliyochanganywa na mafuta kidogo ya kupikia na sukari au mchanga laini huondoa grisi vizuri. Oili hiyo hiyo ikimwagwa kwenye mtaro huenda hadi kwenye visima na mito, na ikipakwa kwenye nguzo za nyumba ili kuzuia mchwa, kama ilivyo desturi sehemu nyingi, huhamishia sumu pale watoto wanapoegemea.

Kuhusu vumbi la breki, neno la kufahamika ni asbesto, madini yenye nyuzi ndogo zisizoonekana kwa macho ambayo kwa miongo mingi yalitumika kutengenezea lainingi za breki na sahani za klachi, na ambayo bado hayajatoweka duniani kote katika vipuri vya bei nafuu. Nyuzi hizo zikifika mapafuni hukaa humo, na ugonjwa wake hujitokeza baada ya miaka ishirini, thelathini, pengine arobaini, wakati fundi amekwisha staafu na hakuna anayeuhusisha tena na gereji. Kwa kuwa fundi hawezi kutambua kwa kutazama kama lainingi ina asbesto au haina, busara ni kuichukulia kila breki kuwa inayo: asipulize ngoma ya breki kwa upepo wa kompresa wala kwa mdomo, bali ailoweshe kwa maji ya sabuni na kuipangusa kwa kitambaa kibichi.

Mafundi rangi wanastahili kutajwa peke yao. Rangi za kisasa za magari zinazochanganywa na kemikali ya kuzigandisha huwa na aisosayaneti, kundi la kemikali linalosababisha pumu ya kazini, na mtu ambaye mwili wake umekwisha zikataa anaweza kubanwa na kifua kwa kiasi kidogo tu baadaye, ikambidi aiache kazi yake moja kwa moja. Kitambaa kilichofungwa puani na barakoa ya vumbi haviuzuii mvuke wa kemikali hizo hata kidogo. Upigaji rangi wa aina hiyo huhitaji barakoa inayopelekewa hewa safi kwa bomba, na palipo na uwezo mdogo, jambo la kwanza ni kupiga rangi mahali pa wazi mbali na watu wengine, wala si uani mwa nyumba ambamo familia inalala.

Kuingia kwa magari ya haibridi, yaani yale yenye injini ya petroli pamoja na mota ya umeme, kumebadili gereji kwa kasi ambayo mafunzo hayajaifikia. Betri ya kawaida ya volti 12 ina hatari zake zinazojulikana: tindikali yake huunguza macho na nguo, na inapochajiwa hutoa haidrojeni, gesi inayolipuka kwa cheche. Ndiyo maana waya wa hasi hutolewa kwanza na kurudishwa mwisho, kwa sababu spana ikiugusa mwili wa gari wakati fundi analegeza upande wa chanya huku hasi bado imefungwa, mkondo mkubwa wa umeme hupita na kutoa cheche juu ya betri yenyewe. Pete ya kidoleni ikishika njia hiyo huweza kuiva mpaka ikaunguza kidole hadi mfupani. Lakini fundi aliyezoea volti 12, ambazo haziwezi kumpiga shoti mkononi, huenda akadhani umeme wote wa gari ni wa upole. Toyota Prius ina betri kuu ya volti takribani 200, na kifaa kinachobadili umeme huo huupandisha hadi volti 500 au zaidi katika baadhi ya matoleo, kiasi kinachoweza kuua kwa mguso mmoja. Nyaya za umeme huo hupewa rangi ya machungwa ili zitambulike. Kabla ya kuzigusa, gari huzimwa na ufunguo kuwekwa mbali, betri ndogo huondolewa, plagi ya usalama ya betri kuu huchomolewa kwa glavu maalumu za mpira zinazokinga umeme, na fundi husubiri angalau dakika kumi ili chaji iliyobaki ndani ya vifaa iishe, kisha hupima kwa mita kuthibitisha. Zaidi ya hayo, gari la namna hiyo linaweza kuwa limewaka ilhali limenyamaza kabisa, na injini ikajiwasha yenyewe wakati mkono wa fundi uko kwenye mikanda. Gereji ambayo haijajifunza mambo haya haina budi kulikataa gari hilo, na kulikataa si aibu.

Yapo mengine yanayoweza kuelezwa kwa ufupi. Mfuniko wa rejeta haufunguliwi injini ikiwa ya moto, maana maji yaliyo ndani, yakiwa yamebanwa kwa shinikizo, hupita nyuzi 100 bila kuchemka, na mfuniko ukilegezwa hugeuka mvuke papo hapo na kumrukia fundi usoni. Tangi la mafuta lililo tupu halichomelewi, kwa sababu mvuke uliobaki ndani yake hulipuka vibaya kuliko tangi lililojaa. Uvujaji wa dizeli kwenye injini za kisasa hautafutwi kwa kidole bali kwa kipande cha boksi, kwa kuwa mafuta hayo husukumwa kwa shinikizo ambalo ni mamia ya mara ya upepo wa tairi la gari dogo, na uzi mwembamba wa dizeli hupenya ngozi na kuozesha nyama ndani huku tundu la nje likionekana dogo kama la sindano. Jeraha la namna hiyo ni la upasuaji wa haraka. Tairi la lori lenye rimu ya vipande hujazwa upepo likiwa ndani ya kizimba cha chuma. Na anayetazama mwanga wa kuchomelea bila kioo cheusi haumwi hapo hapo: usiku ndipo macho hukereketa kana kwamba yametiwa mchanga, na spana boi aliyeshikilia bamba huku akigeuza uso tu naye anaweza kuumia.

Vifaa vya kujikinga, kama viatu vigumu, miwani, glavu na vizibo vya masikio, vina nafasi yake, lakini huja baada ya kuiondoa hatari yenyewe, wala havifai kila mahali. Glavu ya kitambaa karibu na mkanda wa injini unaozunguka, au kwenye mashine ya kutobolea, huvutwa pamoja na mkono uliomo. Kwa upande mwingine, kufanya kazi kwa kandambili hakuna utetezi wowote, hata katika gereji iliyo maskini kupita zote.

Sheria zipo. Tanzania Bara ina Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, inayosimamiwa na wakala wa serikali ujulikanao kama OSHA, nayo Kenya ina sheria yake ya mwaka 2007. Zote mbili zinataka mahali pa kazi pasajiliwe na kukaguliwa, na zinaliweka jukumu la usalama mabegani mwa mwajiri. Tanzania pia ina Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2008, ambao huchangiwa na mwajiri peke yake bila kukatwa mshahara wa mfanyakazi. Kasoro ni kwamba spana boi asiye na mkataba, anayelipwa nauli na chakula cha mchana, kwa vitendo hahesabiwi popote kuwa mfanyakazi, na akikatika kidole hutibiwa kwa mchango wa mafundi wenzake. Ukaguzi unaoishia katika kutoza faini na kuzifukuza gereji barabarani hauwezi kuwafikia vijana hawa. Kinachoweza kuwafikia ni maofisa kwenda gerejini kufundisha, vyuo vya ufundi kama vya VETA kutoa kozi fupi za jioni kwa mafundi walio kazini, na vyama vya mafundi kuyafanya masharti ya usalama kuwa sehemu ya uanachama.

Wenye magari nao wanahusika, kwani wao ndio wanaosimama juu ya kichwa cha fundi wakimharakisha, na ndio wanaokwenda kwa jirani wakitajiwa bei iliyo juu kwa elfu chache. Mteja anapofika gereji na kuona wenye kazi wametumia stendi, wamevaa viatu na wametundika kizima moto mlangoni, awape kazi hao na awalipe wanachostahili. Na akimkuta fundi amejilaza chini ya gari lake lililoshikwa na jeki peke yake, amwombe atoke, stendi ziwekwe, ndipo kazi iendelee.